Kiti Kisichoachwa Wazi

Inspekta alikuwa ndani ya koti lile lile tangu jana asubuhi, na koti lenyewe lilikuwa limeshachoka kuliko mwanamke aliyelivaa. Saa tatu na nusu asubuhi, chai ya pili ilikuwa imepoa mbele yake kama ya kwanza. Mezani palikuwa na pasi ya umeme, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki wa vielelezo. Ng'ambo ya meza alikaa mwenye pasi.

"Mama, tuanze upya."

"Tuanze, mwanangu. Hii ya nne. Ukisikia kitu kipya uniambie na mimi."

Mama huyu alikuwa mvalishaji. Kwa miaka kumi na tisa, kila mwaka zilipotolewa tuzo za filamu na televisheni, yeye ndiye aliyekaa chumba cha mavazi nyuma ya jukwaa, akinyoosha, akishona, akibana pini magauni ya watu wasiojua hata jina lake. Wao walimwita Bibi Pasi, akaitika hivyo hivyo, yakaisha.

Jana, katikati ya sherehe, mhariri wa filamu aitwaye Mkasi alikutwa sakafuni kwenye chumba hicho, kisogo kimepasuka na pasi iko kando yake. Aliyemkuta ni Bibi Pasi mwenyewe. Sasa Mkasi alikuwa hospitalini, hajitambui, na Bibi Pasi alikuwa mahabusu, anajitambua kupita kiasi.

"Mhudumu wa mlangoni anasema alikusikia ukimtishia," Inspekta alisema. "Ulimwambia utalinyoosha koti lake naye akiwa ndani."

"Ndiyo. Namwambia kila mwaka. Na yeye kila mwaka hunijibu kwamba atanikata nibaki nusu, nimtoshe mume wangu. Tunacheka. Huyo wa mlangoni hakuwaambia kwamba tulicheka?"

Hakuwaambia. Inspekta aliandika hilo.

"Alama za vidole kwenye mshikio ni zako."

Bibi Pasi alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyevaa shati ndani nje. "Kwenye mswaki wako mmeshakuta meno ya nani?"

Koplo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa kikohozi kisicho na mafua.

"Zipo na nyingine zilizovurugika," Inspekta aliendelea, "lakini zinazosomeka ni zako. Na kuanzia saa mbili na robo hadi saa tatu usiku huna shahidi."

"Dakika kumi nilikuwa kando ya jukwaa, nambana mtu zipu iliyokataa. Baadaye nilikaa ngazi za nyuma, nimevua viatu. Miguu ilikuwa inawaka. Unataka shahidi wa miguu yangu?"

Inspekta, ambaye chini ya meza alikuwa amevua kiatu kimoja, hakutaka.

"Na hiyo pasi muishike vizuri," mama aliongeza. "Mshikio una ufa, hapo kwenye kona. Chini yake kuna bati. Ikipata moto ukaishika bila kitambaa, inakung'ata mzizi wa dole gumba. Mimi nina kitambaa changu, kinakaa kwenye msumari ukutani."

Inspekta aliandika: ufa, kitambaa, msumari. Kalamu ikaishia hapo. Aliitikisa, akaikemea, kisha akaiacha.

Nje ya mlango, Mkuu wa kituo alikuwa anamsubiri, mikono nyuma.

"Saa nane mchana," Mkuu alisema. "Ama afikishwe mahakamani kwa kujaribu kuua, ama aachiwe." Alivyolitamka neno "aachiwe" ungedhani ni msumari umemkwama kooni. "Waandaaji wameshanipigia mara sita. Wanataka limalizike."

"Limalizike, au limalizike vizuri?"

"Inspekta, mimi sikulala."

"Basi tuko wawili, afande."

*

Kama kungekuwa na mtu wa kumshuku zaidi ya mama wa watu, angekuwa Mtayarishaji. Yeye ndiye mwenye filamu iliyofagia tuzo zote usiku ule, na Mkasi ni shemeji yake: dada wa Mkasi, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mke wake. Mashemeji hao walionekana wakirushiana maneno kwenye maegesho kabla ya sherehe. Lakini Mtayarishaji alikuwa na ushahidi ambao kila mpelelezi angetamani kuwa nao siku anayochelewa kurudi nyumbani: nchi nzima ilimwona. Alikaa safu ya pili, kiti cha kumi na nne, mwanzo hadi mwisho. "Tazameni rekodi," aliwaambia jana, na kwa heshima zote wakatazama.

Sasa Inspekta alikuwa anaitazama kwa mara ya tatu, ndani ya gari la kurushia matangazo lililokuwa bado limeegeshwa nyuma ya ukumbi. Gari lilikuwa limejaa vioo vya kutazamia picha, na harufu yake ilikuwa ya nyaya na soksi. Fundi wa picha, binti mwenye macho mekundu na bakuli la njugu mapajani, alikuwa anapeleka mbele na kurudisha nyuma kila alipoambiwa.

"Huyu hapa," Koplo alisema akigusa kioo. "Saa tatu na nusu, anachukua Filamu Bora. Tazama, afande, hii ndiyo iliyoniudhi. Mgeni rasmi ni mzee wa miaka themanini, anampa mkono, jamaa anatoa wa kushoto! Mama yangu alizima televisheni."

"Labda wa kulia una hotuba."

"Hotuba ameishika kwa kushoto pia, kabana na sanamu kwapani kama anabeba mkate. Nyie matajiri nyie!"

"Koplo, mimi nina utajiri gani?"

"Nasema wao, afande."

Inspekta alifikicha macho. "Rudisha saa mbili na robo. Nataka muda ule Mkasi alipoumizwa."

Fundi alirudisha. Kiti cha kumi na nne: mtu yupo. Saa mbili na nusu: yupo. Saa mbili na dakika arobaini, kamera ya juu inaruka kutoka nyuma ya ukumbi, vichwa vyote vimejipanga kama mayai kwenye trei, na hakuna yai lililopungua. Watu wanapiga makofi.

Mwanamke aliyechoka ana faida moja: hana nguvu ya kutazama anachoambiwa atazame. Macho ya Inspekta yaliteleza kutoka kiti cha kumi na nne, yakaanguka kwenye kile cha jirani, yakakaa hapo kwa sababu hayakuwa na pa kwenda.

"Simamisha. Hicho cha kumi na tatu ni cha nani?"

Fundi alichungulia mchoro wa viti uliobandikwa ukutani. "Cha Mkasi. Waliwekwa pamoja, familia."

"Saa mbili na dakika arobaini Mkasi alikuwa wapi?"

"Sakafuni, chumba cha mavazi," Koplo alijibu upesi, kama mwanafunzi anayelijua jibu. Kisha akafunga mdomo.

"Basi huyo anayepiga makofi ni nani?"

Fundi alitafuna njugu.

"Si ni mjaza kiti," alisema.

"Ni nani?"

"Mjaza kiti. Staa akienda msalani au akiitwa jukwaani, kiti hakiachwi wazi. Kamera ikikuta pengo, ukumbi unaonekana kama harusi iliyosusiwa. Kwa hiyo kuna watu wamevaa suti nyeusi wanasimama pembeni. Staa akitoka, mmoja anaingia."

"Na hukutuambia?"

"Afande, sisi wa kazi tunajua wote." Alionekana kushangaa kweli. "Nilidhani na nyie mnajua. Jana mliniuliza kama kiti kilikaa wazi. Nikasema hakikukaa wazi. Hakikukaa."

Inspekta aliinama, akavaa kiatu alichokuwa amekivua tena. Alikaa hivyo hivyo kidogo, kichwa chini, kana kwamba kamba za kiatu zilikuwa na la kumweleza.

"Koplo. Tangu jana tunamwachia mtu kwa sababu suti imekaa kitini."

"Suti nzuri lakini, afande."

*

Ukumbini, wafagiaji walikuwa wanakusanya karatasi za rangi kwa koleo. Maua yaliyosimama wima jana kama wanajeshi leo yalikuwa yamelala kwenye ndoo. Mjaza kiti waliyemtafuta alikuwa jukwaani, amekaa juu ya sanduku la spika, anasubiri posho ambayo mhasibu aliahidi kuileta tangu saa moja asubuhi. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye mvi za kupendeza na daftari dogo mfuko wa juu.

"Binti yangu, karibu," alimwambia Inspekta, akamsogezea sanduku jingine. "Nilikuwa najiuliza mtakuja lini."

"Ulijua tutakuja, ukakaa kimya?"

"Jana nilimfuata kijana wako mmoja nikamwambia nina la kusema. Akaniuliza, 'Wewe ni nani kwenye shughuli hii?' Nikamwambia najaza viti. Akaniambia mzee, kakae."

Inspekta alimgeukia Koplo. Koplo aligeukia dari, akaikagua taa moja baada ya nyingine.

"Mwalimu, kiti cha kumi na nne."

Mzee alifungua daftari. Lilikuwa limepigwa mistari kwa rula, mwandiko wa ubaoni. "Niliingia saa mbili na dakika ishirini. Nilitoka saa mbili na dakika hamsini na nane. Dakika thelathini na nane. Huyu bwana nimemjazia miaka saba. Msalani hazidi dakika sita."

"Na kumi na tatu?"

"Mwenzangu. Aliingia saa mbili na robo kamili akakaa mpaka taa zinazimwa. Mwenyewe hakurudi tena, maskini. Wakamtaja Mkasi mshindi wa uhariri, asionekane; mwenzangu akanitazama, mimi nikamtazama. Kanuni yetu ni kwamba kamera ikikulenga umgeukie jirani kama anakunong'oneza. Tukanong'onezana pale mashemeji wawili, na wote wawili siyo."

Koplo alishindwa, akacheka. Inspekta hata tabasamu hakuwa nalo. Alikuwa analitunzia saa nane.

"Aliporudi alikuwaje?"

Mwalimu alilifunga daftari polepole. "Kuna mawili. La kwanza, hakusubiri matangazo ya biashara. Sisi tunabadilishana wakati wa matangazo. Yeye alikuja mtu akiwa katikati ya hotuba. La pili, aliniambia asante."

"Hilo ni tatizo?"

"Miaka saba, binti yangu. Nimemkalia kiti miaka saba, hajawahi hata kunikoholea. Jana akaniambia, 'Asante sana mzee wangu,' akanishika bega. Kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umekumbatia chupa ya maji ya barafu, na maji yenyewe hayanywi."

Inspekta alitoa kijitabu chake, akatafuta ukurasa wa asubuhi ile, mahali kalamu ilipomfia. Ufa, kitambaa, msumari.

"Koplo, picha za chumba cha mavazi unazo kwenye simu?"

Alikuwa nazo. Waliikuza moja kwa vidole. Damu kidogo sakafuni, kiti kimeanguka, na ukutani, kwenye msumari wake, kitambaa cha pasi kimetundikwa, cheupe, kimekunjwa mara mbili.

"Mama yule angempiga Mkasi kwa pasi ile akitumia kitambaa, kingekuwa na damu," Inspekta alisema. "Angempiga bila kitambaa, mkono wake ungekuwa umeungua. Asubuhi nzima amenyoosha viganja vyake mbele yangu, nami nahesabu alama za vidole."

Alipiga simu kituoni, akaomba mahabusu apewe simu.

"Mama, Mkasi alikuja kufanya nini chumbani kwako?"

"Nimshonee mfuko wa ndani kwenye koti. Wa karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ukurasa wa kwanza wa ile hadithi ya filamu. Ameandika dada yake kwa mkono wake, kabla hajafa, na jina lake juu. Mume mtu kaifanya filamu, kaweka jina lake yeye kwamba ndiye mtunzi. Mkasi alisema akiitwa jukwaani atausoma ukurasa ule mbele ya watu. Nikamshonea. Nikachomeka pasi ipate moto, nimnyooshee koti. Nikaitwa kule kwenye zipu, nikamwambia nisubiri. Ndiyo ananisubiri mpaka leo. Karatasi mmeiona?"

Koti la Mkasi lilikuwa kwenye vielelezo. Mfuko mpya ulikuwepo, nyuzi bado zinang'aa. Ndani hamkuwa na kitu; wao waliandika "mfuko mtupu" wakasonga mbele.

"Mama, mbona hukusema haya?"

"Mliniuliza ya pasi, mwanangu. Nikajibu ya pasi."

*

Mtayarishaji aliwapokea ofisini kwake saa saba na nusu. Sanamu tano zilikuwa zimepangwa juu ya meza, na mpiga picha wa gazeti alikuwa ametoka muda huo huo. Mwenyewe alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, mkono wa kulia uko mfukoni mwa suruali kwa mkao wa watu wa matangazo ya saa.

"Inspekta. Shemeji yangu anaendeleaje?"

"Hajaamka." Inspekta alinyoosha mkono wake wa kulia. "Hongera kwa ushindi."

Mtayarishaji alitoa wa kushoto. Inspekta hakuupokea. Mkono wake ulibaki pale pale, umenyooka, hauna haraka. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kuurudisha ilikuwa kazi.

"Samahani, huu umeteguka," Mtayarishaji alisema.

"Pole. Uliteguka lini?"

"Jana. Kwenye... ngazi."

"Ngazi gani? Wewe jana ulikaa kitini mwanzo hadi mwisho."

Yule bwana alicheka kicheko cha nusu. "Baada ya sherehe, nina maana."

"Mgeni rasmi ulimpa wa kushoto saa tatu na nusu. Sherehe iliisha saa nne."

"Mnahesabu mikono sasa?"

"Tulianza na viti," Inspekta alisema. "Kuna mwalimu mmoja mstaafu, amekukalia kiti miaka saba. Anaandika saa ya kuingia na ya kutoka. Ana mwandiko mzuri sana."

Mtayarishaji alitazama zile sanamu, moja baada ya nyingine, kama anayetafuta iliyo na msaada.

"Nilikwenda msalani," alisema mwishowe.

"Dakika thelathini na nane. Koplo, saa ngapi?"

"Saba na dakika thelathini na nane, afande. Zimelingana, haki ya Mungu."

"Bwana, toa mkono. Kama umeteguka, daktari wetu ataufunga. Kama una alama hapa," alijigusa mzizi wa dole gumba, "yenye upana wa ufa wa pasi fulani ninayoijua, basi tukae chini. Mimi hasa nahitaji kukaa."

Mkono ulitoka mfukoni kidogo kidogo. Ulikuwa umepakwa dawa nyeupe, na katikati ya dawa ulipita mstari mwekundu, mnyoofu, kama umechorwa kwa rula ya mwalimu.

"Sikukusudia," alisema. "Nilimwomba anipe karatasi. Akanipa mgongo."

"Iko wapi?"

Aliifungua droo kwa kushoto. Karatasi ilikuwa juu kabisa, imekunjwa mara nne, haikuwa hata imefichwa. Inspekta aliikunjua. Mwandiko wa wino wa buluu, uliolala upande, na juu kabisa jina la mwanamke.

"Ungeichana," alisema. "Ungeichoma. Tusingekuwa na ushahidi wa kisa."

Mtayarishaji alikaa. "Jaribu wewe," alisema. "Ni mwandiko wake."

Koplo alitoa pingu. Mkono ulioungua aliufunga taratibu, juu ya kifundo, asiguse dawa.

*

Saa nane kasoro dakika tano, Mkuu wa kituo alilisema lile neno, na msumari ukapita. Bibi Pasi alitoka mahabusu na mkoba wake, akasaini kitabu, akahesabu pini zake zote ishirini na nne mbele ya askari wa zamu, ili asije akaambiwa.

"Hospitali wamepiga simu?" aliuliza.

"Bado, mama."

"Nitapitia huko. Nikamkalie Mkasi kiti. Na pasi yangu?"

"Ni kielelezo. Itakaa mpaka kesi iishe. Miezi, pengine mwaka."

Mama alitikisa kichwa. Alifungua mkoba, akatoa kitambaa cheupe kipya, akakiweka mezani na kukisukuma kwa kidole.

"Basi kaeni nayo na hiki. Isije ikamng'ata hakimu."

Alifika mlangoni, akageuka. Alimtazama Inspekta kuanzia begani hadi kwenye pindo, pole pole, kwa masikitiko ya mtu anayeijua kazi yake, na mikono haina chombo.

"Hilo koti, mwanangu," alisema. "Livue, ukalale."